Dawa za Homa ya Ini C Hazipandishi Kinga: Zinafanya Nini Basi?

Neno "kinga ya mwili" liliingia katika mazungumzo ya kila siku ya Watanzania kwa njia ya UKIMWI. Tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na hasa baada ya Serikali kuanza kutoa bila malipo dawa za kufubaza makali ya VVU mwaka 2004, wananchi wamejifunza kwamba virusi hushusha kinga, kwamba kinga ikishuka magonjwa nyemelezi huingia, na kwamba dawa humezwa maisha yote ili kinga ipande na isishuke tena. Elimu hiyo imeokoa watu wengi. Hata hivyo, imegeuka pia kuwa kibaba tunachopimia kila ugonjwa wa virusi, na homa ya ini aina ya C haipimiki kwa kibaba hicho.

Katika maambukizi ya VVU, kirusi huishambulia kinga yenyewe, na mwili hubaki bila mlinzi. Katika homa ya ini C, kirusi hukaa ndani ya ini. Kinga ipo, tena inapigana, na mapigano hayo ndiyo yanayoliharibu ini kwa sehemu kubwa. Dawa za VVU ni za maisha. Dawa za homa ya ini C humezwa kwa wiki 8 hadi 12 na kuachwa, kwa sababu kirusi huondoka mwilini kabisa. Asiyezijua tofauti hizi huweza kutafuta "dawa ya kuongeza kinga" badala ya matibabu. Huweza pia, baada ya kupona, kudhani kwamba ugonjwa huo hauwezi kumpata tena. Au huweza kuamini kuwa bado anaumwa ilhali amekwisha kupona, na hili, kwa maoni ya mwandishi, ndilo linaloumiza zaidi, kwani humpata mtu aliyetekeleza kila alichoagizwa na daktari.

Makala hii inawaeleza wakazi wa Kata ya Lalago na kata jirani kile kinachotokea katika kinga ya mwili wa mgonjwa kabla ya matibabu, wakati wa matibabu na baada yake.

Kwanza, jina lenyewe. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huenezwa na mbu na ina chanjo yake, ile inayodaiwa kwa wasafiri mipakani. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, na virusi vinavyoisababisha vimepewa herufi: A, B, C, D na E. Isitoshe, neno "homa" hapa linapotosha, kwa kuwa mwenye homa ya ini C ya muda mrefu mara nyingi hana homa, hana manjano machoni, wala hajisikii mgonjwa kwa miaka mingi. Hadi mwaka 1989 kirusi chake kilikuwa hakijatambuliwa, na madaktari waliuita ugonjwa huu homa ya ini "isiyo A wala B". Wanasayansi watatu ambao kazi yao iliwezesha kirusi hicho kujulikana, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wanaishi na homa ya ini C duniani, na mwaka 2022 watu wapatao 242,000 walifariki kutokana nayo. Nchini kwetu homa ya ini B imeenea zaidi kuliko C, na jambo hilo lina uzito wake katika matibabu, kama itakavyoelezwa mbele. Homa ya ini C huambukizwa kwa damu: sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja, wembe wa chale au wa kunyolea uliopita kwa watu kadhaa, vifaa vya tohara au vya kutoboa masikio visivyotakaswa, damu isiyopimwa. Mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na kujamiiana huambukiza mara chache. Haienezwi kwa kula pamoja, kusalimiana kwa mikono wala kulala chumba kimoja.

Vita inayouharibu uwanja wake

Kirusi cha homa ya ini C kinapoingia katika damu husafiri hadi kwenye ini, huingia ndani ya seli zake na kuzitumia kama kiwanda. Kwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, virusi vinavyotengenezwa kwa siku moja hukadiriwa kufikia trilioni moja. Wakati wa kujinakili, kirusi hiki hukosea mara nyingi, na makosa hayo ndiyo nguvu yake: kila mara huzaliwa virusi vyenye sura tofauti kidogo na ile ambayo kinga imekwisha kuizoea. Hii ni sababu mojawapo ya kutokuwepo chanjo ya homa ya ini C hadi leo, ingawa chanjo ya B ipo na watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 baada ya kuzaliwa.

Kinga haikai kimya. Seli za ini zilizoingiliwa hutoa ishara za hatari, miongoni mwake kemikali iitwayo interferoni, na chembe nyeupe za damu huja kuziua seli zilizoambukizwa. Takriban watu 30 kati ya 100 hushinda vita hiyo wenyewe katika miezi 6 ya mwanzo, bila dawa yoyote. Waliobaki, takriban 70, huingia katika ugonjwa wa kudumu.

Hapo ndipo jambo linapogeuka. Kirusi chenyewe hakiui seli za ini kwa wingi. Anayeziua kwa sehemu kubwa ni mlinzi. Kila seli inayouawa huacha uvimbe mdogo, kila uvimbe huacha kovu, na makovu hujengeka juu ya makovu. Miaka 20 ikipita, kati ya wagonjwa 100 wa kudumu, 15 hadi 30 huwa wamefikia hali ya ini kujaa makovu na kuwa gumu, ambayo madaktari huiita sirosisi. Hatua inayoweza kufuata ni tumbo kujaa maji, kutapika damu, au saratani ya ini.

Walinzi nao huchoka. Wazee wetu wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya sungusungu wataelewa kwa urahisi. Kundi linaloitwa na mbiu mara moja hukimbia kwa nguvu zote na kumkamata mwizi. Lakini mbiu ikilia kila usiku kwa miaka 20, na mwizi akibadilisha nguo kila usiku, watu wataitika kwa mazoea tu: watatoka majumbani, watazunguka, watakanyaga mashamba ya watu, na mwizi hawamkamati. Seli za kinga za mgonjwa wa muda mrefu wa homa ya ini C ndivyo zinavyokuwa. Zipo, zinaonekana chini ya darubini, ila zimepoteza makali. Wataalamu huiita hali hiyo uchovu wa kinga, na ni tofauti kabisa na kupungua kwa kinga kunakoonekana kwa VVU. Idadi ya CD4 yaweza kuwa ya kawaida ilhali walinzi waliopangiwa kirusi hiki wamelegea.

Kutokana na hali hiyo, unga au maji ya "kuongeza kinga" yanayouzwa minadani na kwenye vituo vya mabasi hayana pa kushika katika ugonjwa huu. Hata kama yangekuwa na nguvu inayodaiwa, kumchochea mlinzi aliyechoka aongeze vurugu ndani ya ini lenye makovu si msaada. Zipo pia dawa za mitishamba zinazoliumiza ini moja kwa moja, na mgonjwa wa ini ndiye wa mwisho anayestahili kubahatisha.

Kutoka kumchochea mlinzi hadi kumwondoa mwizi

Ni haki kusema kwamba zamani matibabu ya hospitali nayo yalipitia njia ya kuichochea kinga. Kwa zaidi ya miaka 20 mgonjwa alidungwa interferoni, ileile kemikali ambayo mwili huitoa kama ishara ya hatari, lakini kwa kipimo kikubwa, akiongezewa vidonge vya ribavirini. Tiba ilichukua wiki 24 hadi 48. Mgonjwa alipata homa, maumivu ya viungo na uchovu kama wa malaria isiyokwisha. Wengine walipatwa na sonona kali. Chembe nyeupe na chembe nyekundu za damu zilipungua. Baada ya mateso yote hayo, karibu nusu tu ya wagonjwa walipona, na wengi waliacha njiani. Hofu inayosikika hadi leo kwamba "dawa za ini zinamaliza damu" ina mizizi katika kipindi hicho.

Dawa za sasa haziigusi kinga. Zinakishambulia kirusi. Sofosibuviri, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, huziba kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujinakili. Daklatasiviri na velipatasiviri hushika sehemu nyingine ya kirusi. Mbili kati ya dawa hizi hutolewa pamoja, vidonge vya kumeza mara moja kwa siku, bila sindano, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Maudhi yake kwa kawaida ni madogo: kichwa kuuma, uchovu, pengine kichefuchefu.

Ndani ya siku chache za kwanza idadi ya virusi huporomoka. Baada ya wiki kadhaa mitambo ya maabara huwa haikioni tena kirusi katika damu ya wagonjwa wengi, na vipimo vya ini vilivyokuwa juu hurudi kwenye kawaida. Mbiu imenyamaza. Ishara za hatari zilizokuwa zikitolewa usiku na mchana kwa miaka mingi hushuka, na askari wa mstari wa mbele, wale ambao mwili huwatuma kabla ya wengine wote, hurejea taratibu katika hali inayokaribia ile ya mtu mzima wa afya. Hatua hii ni ya ajabu kwa namna yake. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba lazima kinga isaidiwe ndipo kirusi kishindwe. Imeonekana kwamba kirusi kikiondolewa, kinga hujipanga upya yenyewe.

Hujipanga, lakini si yote. Seli zilizochoka kwa miaka hurudisha sehemu ya nguvu zake, na sehemu nyingine hairudi. Watafiti waliozichunguza seli za watu waliopona wamekuta alama za uchovu zimebaki ndani ya kiini cha seli, mithili ya kovu lisiloonekana. Aina fulani ya chembe za kinga zinazolinda dhidi ya bakteria, ambazo hupungua wakati wa ugonjwa, hubaki chache hata baada ya kupona. Kwa mtu anayeendelea na shughuli zake hali hiyo haimzuii kulima wala kulea, ila inaonyesha kwa nini kutibiwa mapema ni bora kuliko kusubiri ini lilalamike.

Wapo wagonjwa ambao kinga yao ilikwisha kupotoka kwa njia nyingine. Kuchochewa kwa muda mrefu huifanya itengeneze protini zinazogandamana katika baridi na kuziba mishipa midogo ya damu. Mgonjwa huona madoa mekundu miguuni, viungo huuma, ganzi huingia vidoleni, na figo huweza kuathirika. Kwa wengi wao dalili hizi hupungua au huisha kirusi kinapoondoka, japokuwa kwa baadhi huchukua miezi mingi.

Ini nalo huanza kujirekebisha. Makovu mepesi huweza kufifia. Mwenye sirosisi hupungukiwa na hatari ya saratani lakini haiishi, kwa hiyo yeye huendelea kupimwa ini kwa mashine ya altrasaundi kila baada ya miezi 6 hata baada ya kuambiwa amepona.

Kipimo kitakachoendelea kusema "ndiyo"

Sehemu hii inastahili kusomwa na kila mtu, hata asiye mgonjwa.

Kipimo cha haraka cha homa ya ini C, kile cha tone la damu na kijistari, hakikitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulizitengeneza ulipokutana na kirusi. Silaha hizo hubaki katika damu kwa miaka mingi, kwa walio wengi hadi mwisho wa maisha, hata baada ya kirusi kuondoka. Hivyo basi, mtu aliyepona kwa dawa, na pia yule aliyepona mwenyewe katika miezi 6 ya mwanzo, ataendelea kuonekana "chanya" kwenye kipimo hicho.

Matokeo ya kutolijua hili ni mazito. Mtu aliyetibiwa akapona anaweza kwenda kuchangia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa kwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na damu yenye kingamwili hizo haitumiki. Anaitwa, anaambiwa majibu, anarudi nyumbani akiamini kwamba dawa zilishindwa. Ndoa zimewahi kuyumba kwa majibu yasiyoeleweka ya namna hii katika magonjwa mengine, na hakuna sababu ya kuyarudia hapa. Jibu la kingamwili husema, "Mwili huu uliwahi kukutana na kirusi." Halisemi zaidi ya hapo.

Kinachojibu swali la kama kirusi bado kipo ni kipimo cha kirusi chenyewe katika damu. Mashine za GeneXpert, ambazo wengi wanazifahamu kwa kupimia kifua kikuu, zina uwezo wa kufanya kipimo hicho zikiwekewa katriji yake maalumu. Mtu hahesabiwi kuwa amepona siku anapomeza kidonge cha mwisho. Huhesabiwa hivyo pale kipimo cha kirusi kinapofanyika wiki 12 baada ya kumaliza dawa na kirusi kisionekane.

Je, kingamwili hizo zinazobaki humlinda asiambukizwe tena? Hapana. Mkulima wa pamba ataelewa bila kuelezwa sana: dawa uliyonyunyiza msimu huu imewaua funza wa vitumba waliokuwepo, shamba limepumua, lakini haimzuii kipepeo wa msimu ujao kutaga mayai. Mtu aliyepona homa ya ini C akishirikiana tena wembe au sindano na mwenye kirusi, ataambukizwa upya kama mtu mwingine yeyote. Suala hili linajulikana vizuri miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya jijini Dar es Salaam, kundi ambalo ugonjwa huu umeonekana kwa wingi zaidi nchini. Tiba ya methadoni, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, humpunguzia mtu haja ya kujidunga, na kwa njia hiyo humkinga asirudi alikotoka.

Waliotutangulia

Majirani zetu wa Rwanda wamekwenda mbali katika jambo hili. Desemba 2018 nchi hiyo ilizindua mpango wa kuitokomeza homa ya ini C, ikapima mamilioni ya wananchi wake. Kabla ya hapo, utafiti uliofanyika Kigali uliwapa wagonjwa 300 vidonge viwili vilivyounganishwa, sofosibuviri na ledipasiviri, kwa wiki 12. Asilimia 87 walipona. Matokeo hayo ni mazuri, ila ni pungufu ya yale yaliyokuwa yakionekana Ulaya na Marekani, na watafiti walitaka kujua kwa nini. Iligundulika kwamba kirusi chenye asili ya eneo letu, cha aina ya 4 tawi la "r", kilikuwa kikiistahimili dawa: waliokuwa nacho walipona kidogo tu zaidi ya nusu. Walioshindwa kupona awali walipopewa mchanganyiko wenye nguvu zaidi, karibu wote walipona.

Kwa mwananchi wa kawaida, habari hii ina maana moja ya kiutendaji. Kwa kuwa dawa hupambana na kirusi na si kuitegemea kinga, matokeo hufuata aina ya kirusi. Kwa hiyo kile kipimo cha wiki 12 baada ya dawa si cha kurukwa, hata kama mtu anajisikia mzima, hata kama nauli ni tatizo.

Misri ina funzo la namna nyingine, na linatuhusu kwa sababu ya kichocho. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 wananchi wa huko walitibiwa kichocho kwa sindano katika kampeni kubwa, na sindano hizo zilitumika kwa watu wengi bila kutakaswa ipasavyo. Kichocho kilipungua, homa ya ini C ikapanda hadi Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2018 na 2019, Serikali ya Misri ilipima watu wapatao milioni 50 na kuwatibu waliokutwa na kirusi. Sisi wa Simiyu tunakijua kichocho. Dawa inayotolewa leo shuleni, prazikwanteli, ni ya vidonge, kwa hiyo hofu ya sindano haina nafasi, na mzazi asimzuie mtoto kuimeza kwa kusikia habari za Misri.

Kabla ya kidonge cha kwanza: homa ya ini B

Ilielezwa hapo juu kwamba homa ya ini B imeenea zaidi nchini. Wapo watu wenye virusi vyote viwili, B na C, bila kujua. Kwa watu hao, C mara nyingi hukitawala chumba: ile mbiu inayolia ndani ya ini kwa sababu ya C humfanya B naye ajifiche. Dawa zikimwondoa C kwa haraka, mbiu hunyamaza, na B huweza kuamka. Kinga inapomgundua akizaliana kwa wingi humshambulia kwa ghafla, na ini huumia vibaya.

Oktoba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa zote za kundi hili baada ya kupokea taarifa za wagonjwa 24 waliopatwa na hali hiyo katika kipindi cha chini ya miaka 3. Wawili walifariki na mmoja alihitaji kupandikizwa ini. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na wingi wa waliotibiwa duniani. Lakini B ni ya kawaida zaidi kwetu kuliko Marekani. Kwa hiyo, kila anayeanza matibabu ya C apimwe B kwanza, na akikutwa nayo, daktari atapanga namna ya kumlinda kwa dawa nyingine au kwa kumfuatilia kwa karibu. Kuwa na B si sababu ya kunyimwa tiba ya C.

Daktari pia aambiwe dawa nyingine zote anazotumia mgonjwa. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa hizi kiasi cha kuziharibia kazi, hivyo mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida humaliza kwanza tiba hiyo. Anayetumia dawa za VVU hutibiwa homa ya ini C kama wengine na hupona kwa kiwango kilekile, ila daktari huangalia mchanganyiko wa dawa zake. Mjamzito au anayetarajia kushika mimba aseme mapema. Mitishamba nayo itajwe, bila aibu. Wahudumu wetu wamekwisha kusikia mengi.

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mganga mfawidhi ndiye atakayeeleza ni kipimo kipi kinapatikana hapo na kipi kinahitaji rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Maswa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyopo Bariadi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Kabla ya kusafiri, ulizia gharama za kipimo cha kirusi na za dawa, na kama bima yako inazigharamia. Waliowahi kudungwa sindano nje ya vituo vya afya, waliochanjwa chale kwa wembe wa pamoja, na waliopewa damu miaka ya zamani kabla upimaji haujawa wa lazima, wana sababu ya kuuliza kipimo hiki hata kama hawana dalili.

Aliyemaliza dawa na kupimwa wiki 12 baadaye, kirusi kisionekane, aombe majibu hayo kwa maandishi yenye tarehe na muhuri wa hospitali, ayatunze pamoja na kadi yake ya bima, na ayaonyeshe kila mahali atakapopimwa kwa kile kipimo cha haraka, kwa kuwa kijistari kitatokea.